Mwenye Duka Aliyezoea Kusema Imeisha

Jina lake silisemi, na hata nikilisema, hapa kwetu Kibosho hakuna anayelitumia. Sote tunamwita Mwenye Duka. Watoto wetu walioko Dar wanatuambia huko kila Mchagga mwenye duka anaitwa Mangi, lakini huku mlimani mangi ni mtawala wa jadi, huwezi kumpa mtu jina hilo kwa sababu anauza vibiriti. Alizaliwa wapi, baba yake nani, hayo waulizeni watu wa ukoo wake. Mimi ninayo ya kwangu. Mtu huyu nimemwonea wivu miaka thelathini na kitu, na mtu uliyemwonea wivu muda wote huo unamjua kuliko unavyomjua ndugu yako.

Hata shikamoo niliiona mzigo. Ananizidi miaka mitatu hivi, au minne, na kwa desturi yetu lazima nimwamkie. Nilikuwa natoa shikamoo yangu kama mtu anayeng'olewa jino. Yeye anaitikia marahaba taratibu, huku anafuta mizani, wala hanitazami.

Hiyo mizani sasa. Alikuwa na mizani ya mawe, ya sahani mbili, na kijiko cha bati kilichopinda. Akipima sukari unaweza kwenda kukata majani ya ng'ombe ukarudi. Anamwaga kidogo, anangoja sahani zitulie, anaongeza, halafu zile punje za mwisho anazishika kwa vidole viwili kama anatia chumvi kwenye jeraha. Wenye maduka wengine wakishamaliza kupima wanakuongezea kidogo, ili urudi kesho. Yeye haongezi, na hapunguzi pia, hilo nalikubali ingawa linaniuma. Hata karatasi ya kufungia alikuwa anaisoma kwanza. Gazeti la miaka miwili nyuma analisoma mpaka mwisho, mteja umesimama, ndipo analikunja. Mimi niliishia darasa la tatu. Nikimwona anasoma mbele ya mke wangu damu inanichemka, maana yeye mke wangu alimaliza la saba, na walikuwa wanaweza kuongea habari za kwenye gazeti mimi nikabaki natazama vibiriti.

Neno lake kubwa lilikuwa "imeisha". Unaingia dukani, mafuta unayaona kwenye rafu kwa macho yako, unasema nipe mafuta lita mbili, nimpe na huyu rafiki yangu lita moja. Anakutazama. "Imeisha." Lakini yale pale, Mwenye Duka. "Yale ya mtu." Basi. Huwezi kumbishia. Watu walimcheka, wakasema huyu atakufa maskini, mfanyabiashara gani anakataa kuuza. Mimi sikucheka. Niliona kabisa kwamba imeisha yake inatokea zaidi mimi nikiwa nimeongozana na watu.

Ngoja niseme mimi nilikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo hamtamwelewa yeye.

Kwetu huku kahawa ni ya baba, ndizi na maziwa ni vya mama. Ndivyo tulivyovikuta. Hela ya kahawa inakuja kwa msimu, nyingi kwa mara moja, na mimi ikiniingia mfukoni nasikia joto. Nashuka Moshi mjini asubuhi, narudi na mikate, nyama, redio, mwaka mmoja nilirudi na kofia ya pama nyeupe ambayo haikuwa na kazi yoyote kwenye tope letu. Halafu napita kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kilicho jirani na duka, nawachukua wazee wenzangu wawili watatu, tunaingia kwa Mwenye Duka. Hapo ndipo raha yangu ilipokuwa. Naagiza kwa sauti: sukari kilo tano, mchele kilo kumi, sabuni miche sita, na usisahau majani ya chai. Nalipa palepale, noti juu ya meza, kila mtu anaona. Vitu vyenyewe sibebi. Mwanamume wa rika langu hapiti barabarani na kifurushi cha sukari kwapani. Nasema, mama atavifuata. Na Mwenye Duka anaitikia, atavikuta.

Miaka ya mwanzo nyumba yangu ilikuwa inaungua kwa njaa, na nisiwafiche. Wiki ya kwanza tunakula kama tuna harusi, majirani wanaitwa, wiki ya tatu mke wangu anachemsha ndizi na chumvi tupu. Anabeba mkungu kichwani kwenda sokoni, anarudi na mafuta ya kukaanga siku mbili. Aliniambia mara nyingi. Alikuwa haniambii kwa ukali, alikuwa ananiambia akiwa anamenya ndizi, macho kwenye kisu: "Baba Manka, hela ya kahawa imekaa siku nne." Manka ni binti yetu wa kwanza. Mimi nilikuwa nanyanyuka natoka. Mwanamume unaambiwaje habari za siku nne?

Halafu mwaka mmoja akaacha kusema. Wala nyumba haikupungukiwa tena. Wiki ya tatu, wiki ya nne, chai ina sukari, ndizi zina mafuta, Jumapili wali. Nikadhani ni kwa sababu ya ukubwa wa kuagiza kwangu. Nikawa najisifu kilabuni: kwangu mimi chumvi haijawahi kuisha. Wenzangu wananisikiliza, na upande wa pili wa ukuta Mwenye Duka anasikia pia, maana mbao zile zina nafasi.

Nirudi kwake. Alikuwa na mambo yasiyolingana. Aliuza sigara lakini mtu akinunua anamwambia hela hii ungenunulia mayai. Mkopo hakuwa anatoa, hata kwa katekista, lakini nimemwona anafunga vitu vya mama fulani mjane bila kupokea kitu. Na aliyekuwa akibana kila punje ya sukari ya watu, kwake alishindwa kabisa. Mke wake alikuwa mtu wa sare. Harusi ikitangazwa hapa au Marangu, hata ya watu asiowajua vizuri, yeye keshachukua kitenge cha sare, viatu na kipochi. Anaingia dukani mwa mume wake, anafungua droo, anachukua, anatoka anaimba. Mzee anatazama tu. Siku moja tukamtania, tukamwambia mbona kwa mama hakuna imeisha? Akasema, "Kwangu nimeshindwa. Ndiyo maana nina nguvu za kusaidia kwa watu." Tulicheka sana. Mimi sikujua anasema nyumbani kwa nani.

Jambo jingine lilikuwa ndoo. Pale ndani, pembeni ya meza yake, kulikuwa na ndoo ya rangi ya lita ishirini, yenye mfuniko wa kukaza, imechakaa. Wengine wakija wanasimama. Mimi nikija ananiambia, kaa hapo Baba Manka. Nakaa juu ya ndoo. Nilijiona mtu wa heshima. Na kila nikikaa, huyu mtu ambaye hakuwa anacheka, mdomo wake ulikuwa unavutika upande mmoja. Kile kitabasamu kilinikera miaka na miaka. Nilikuwa namwambia mke wangu, yule mzee ana dharau. Anajibu, "Labda amefurahi umekaa."

Sasa wivu wenyewe ulivyoanza. Mke wangu alikuwa anakwenda dukani hata siku ambazo sikuagiza kitu. Anakwenda na kikapu kitupu, anarudi kimejaa, na mfukoni mwake najua hamna kitu, maana siku ya soko bado. Nikahesabu siku. Nikapoteza usingizi. Asubuhi moja ya mvua ndogo ndogo nikamtangulia, nikajificha kwenye kihamba, shamba la nyumbani la jirani mkabala na duka, nyuma ya migomba. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye majani yanaingia shingoni. Nikamwona anaingia. Nikamwona Mwenye Duka anainama, anafungua kitu kilichoko chini nisichokiona, anatoa vifurushi, anampa. Hela haikutoka. Wakasogea mlangoni wote wawili, wakatazama nje kidogo, mke wangu akacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichonimaliza. Si vifurushi. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Nyumbani kwangu hakuwa anacheka hivyo, si tangu tukiwa vijana. Na yule mzee naye akacheka, yule asiyecheka.

Nilimngoja jikoni. Nikamuuliza amepewa nini bure. Akasema hakupewa bure, ni vya kwake. Nikamuuliza vya kwake amevipata wapi. Akaweka kikapu chini, akanitazama nilivyolowa, nikaona kama anataka kucheka tena. Akasema, "Ni vya kwangu, Baba Manka. Na vya kwako pia." Nikaona ananichezea. Nikamwambia mguu wake usikanyage tena pale.

Kisha nikaenda mwenyewe. Wazee walikuwepo, wanaume saba au wanane, mbege ilikuwa imeiva siku hiyo. Nikasimama mlangoni nikasema mbele yao wote, "Mwenye Duka, wewe ni mwanamume gani unayemlea mke wa mwenzako kwa sukari?"

Alikuwa anapima unga wa mtu. Akamaliza kupima, akaondoa mawe, akafunga, akampa yule mtu. Ndipo akasema, "Kaa kwanza, Baba Manka."

"Sikai."

"Basi simama."

"Nijibu."

"Majibu yameisha," akasema, akachukua gazeti lake.

Watu wakacheka, na mimi nikatoka nikiwa nimeaibika zaidi kuliko nilivyoingia. Lakini maneno yangu hayakutoka nami, yalibaki pale. Kijijini neno kama lile linakaa. Nasikia mke wake, yule wa sare, alihama chumba miezi. Nasikia Mwenye Duka mwenyewe alitolewa kwenye uhasibu wa kigango cha kanisa. Hakujitetea kwa neno moja. Mimi nikasema, mnaona? Mtu asiye na kosa angejitetea.

Wiki tatu mke wangu hakwenda dukani. Ya kwanza tuliimaliza vizuri. Ya pili chai ikawa ya rangi, haina sukari. Ya tatu tukarudi kwenye ndizi na chumvi, kama zamani, na hela ya msimu nilikuwa nimeshaimaliza kwa kuwaonyesha watu kwamba sina wasiwasi. Ikafika zamu ya jumuiya kusali kwetu. Watu thelathini watakuja, na desturi yetu huwezi kuwaacha waondoke na midomo mikavu. Mke wangu hakuniambia kitu juu ya nyumba kuwa tupu. Alikuja nilipokuwa napunguza matawi ya kahawa, akasema, "Niruhusu dukani dakika kumi."

Nikaendelea kukata. Nikasema nenda.

Alirudi na mchele, sukari, majani ya chai, mafuta, hata viungo. Watu walikula, wakanishukuru mimi. Mwenyekiti wa jumuiya alisema nyumba hii imebarikiwa. Nami niliinamisha kichwa kama mtu anayestahili. Sikuuliza vitu vimetoka wapi. Naomba mlitazame hilo vizuri: niliamini ni zawadi ya mwanamume mwingine, na nikala, na nikanawa mikono. Tangu siku hiyo sikumkataza tena, wala sikuuliza, nikabaki na wivu wangu ndani kama kijiwe kwenye kiatu. Naye Mwenye Duka, nilipoanza tena kwenda kuagiza kwa sauti, alinipokea kama hakijatokea kitu. Kaa hapo Baba Manka. Nikakaa juu ya ndoo.

Mke wangu tulimzika kihambani mwaka jana, karibu na mstari wa masale ya mpakani, upande ule wenye mfereji. Mwenye Duka, ambaye hata Krismasi alikuwa anafungua nusu siku, alifunga duka wiki nzima. Alikaa kwenye benchi la mwisho. Nilimwona anafuta macho kwa leso, na katikati ya msiba wangu mwenyewe nikasema moyoni, huyu analia kama nani? Nilitamani mtu amwondoe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Sikukanyaga kwake miezi minne. Manka, ambaye ameolewa mjini Moshi na hupanda kuniona kila baada ya Jumapili mbili, ndiye aliyeniletea ujumbe. Akasema, "Baba, Mwenye Duka anasema uende, kuna vitu vya mama."

"Vitu gani?"

"Nenda tu, baba."

Nikaona macho yake yanakwepa. Nikajua hata mwanangu anajua. Njiani nikawaza mengi, nikawaza barua, nguo, pete. Nilikuwa nimebeba fimbo, na sikuwa nimeibeba kwa ajili ya kutembelea.

Duka limezeeka. Barabarani juu kuna duka la kijana mmoja, linatuma na hela kwa simu, watu wamehamia huko. Kwa Mwenye Duka rafu nyingi ni wazi, sasa imeisha ni kweli. Naye macho yake yana ukungu. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniambia kaa. Nikakaa pale pale nilipozoea. Mdomo wake ukavutika upande, halafu akaufuta kwa kiganja.

"Leo itabidi usimame," akasema.

Akaivuta ndoo, akaupiga mfuniko kwa kitako cha jiwe la mizani mpaka ukafunguka. Ndani kulikuwa na sukari kilo mbili kwenye mifuko ya karatasi, miche ya sabuni, majani ya chai, chumvi, kibiriti. Vyote vimepangwa, sukari juu ili isishike harufu ya sabuni. Mpangilio wa mke wangu ule, hata kabatini alikuwa anapanga hivyo.

Akanieleza polepole, kama anavyopima. Kwamba mimi nikiagiza tano, yeye alikuwa anapima tano kweli, hakunipunja hata siku moja. Lakini mama akija anabeba mbili tu, tatu anaziacha kwenye ndoo. Wiki ya tatu anakuja kuzichukua. Na kwa kuwa mimi sibebi, sikuwahi kujua zinazofika nyumbani ni ngapi.

"Na rafiki zangu nikitaka kuwapa, unasema imeisha?"

"Yeye alinipa hesabu hiyo. Alisema ukitaka kuwagawia watu, kila kitu kimeisha."

Nikashika meza. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile nilipomtukana mbele ya watu. Akasema angeniambia ningeacha kuagiza kwake, ningekwenda kuagiza kwingine, na watoto wangekula nini. Halafu akaongeza kwamba kulikuwa na jingine.

"Alisema, mwache aagize kwa sauti. Akishaagiza mbele ya watu anarudi nyumbani amefurahi, na mimi napenda anavyokuja amefurahi."

Maneno hayo yalikuwa ya kwangu mimi. Miaka yote hiyo yamekaa kwa mtu mwingine, kwenye duka, pamoja na sabuni. Nisiseme uongo kwamba nilishukuru. Niliona wivu kuliko siku nyingine zote. Yeye aliambiwa. Mimi niliyesemwa, sikuambiwa.

Nikamuuliza swali la mwisho, ambalo nililitunza kuliko nilivyotunza hela. "Asubuhi ile ya mvua. Alicheka nini?"

Mzee akacheka, kile kicheko chenyewe. "Ulikuwa umejificha nyuma ya migomba na pama nyeupe kichwani. Mpaka kule Umbwe unaonekana. Akaniambia, mtazame mume wangu alivyovaa kujificha."

Nilitaka kukaa, lakini ndoo ilikuwa wazi. Nikabaki nimesimama. Fimbo niliegesha mahali, mpaka leo sijui niliiacha wapi.

"Nikufungie vyote?" akauliza.

Nikatazama nje. Kilabuni walikuwepo watu, wananiona. Nikasema, "Nipimie sukari robo."

"Robo?"

"Robo. Nyingine iache."

Akapima. Punje za mwisho kwa vidole viwili. Nikachukua kile kifurushi, nikapita nacho mkononi mbele ya kilabu, mtu mmoja akaniita, Meku, mzee wetu, leo umetumwa? Nikamwambia ndiyo, nimetumwa.

Tangu siku hiyo nakwenda kila wiki, namwamkia vizuri, naomba robo. Sabuni nilishaichukua, chai nayo. Kuandika ni kazi kwangu, lakini kuhesabu najua: kilo mbili ni robo nane. Jana nimebeba ya kumi na moja. Nilimuuliza, Mwenye Duka, sukari ya mama imebaki? Akainama, akafungua mfuniko upande wake nisipoona, akatazama ndani muda mrefu na yale macho yake ya ukungu, akafunika.

"Ipo," akasema.